Dhana potofu zinazotufanya turekebishe programu mahali pasipo na tatizo

Grafu ikiporomoka ghafla, mtu huhangaika na maktaba ya kuchorea. Skrini ya simu ikiganda, lawama huiangukia simu. Swali la SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata) likichelewa, huombwa seva kubwa zaidi. Mara nyingi hitilafu yenyewe ilizaliwa hatua mbili tatu nyuma, na kinachomzuia msanidi kuifikia ni imani aliyoipokea zamani bila kuihoji. Nitaanza na ile ninayoiona kuwa na madhara kuliko zote.

"NULL ni sifuri, au nafasi tupu tu"

Hapana. Katika SQL, NULL maana yake ni kwamba thamani haijulikani. Sifuri inajulikana. Hata maandishi matupu yanajulikana, ingawa hifadhidata ya Oracle huyahesabu kuwa NULL. Kwa sababu hiyo mantiki ya SQL ina majibu matatu: kweli, si kweli, na haijulikani. Ukiuliza kama NULL ni sawa na NULL, jibu ni "haijulikani", na WHERE, sehemu ya swali inayoweka masharti, huchukua ile mistari iliyojibiwa "kweli" peke yake. Ndiyo maana `bei = NULL` hairudishi chochote, na inabidi uandike `bei IS NULL`.

Mtego mkali zaidi uko kwenye NOT IN. Tuseme unatafuta wateja ambao hawajawahi kuagiza kitu:

`SELECT jina FROM wateja WHERE id NOT IN (SELECT mteja_id FROM oda);`

Swali hili linaweza kufanya kazi miezi na miezi. Kisha inaingia oda moja isiyo na mteja_id, na ripoti nzima inakuwa tupu bila ujumbe wowote wa kosa. Hifadhidata inatakiwa kuthibitisha kwamba id ya mteja, tuseme 7, ni tofauti na kila thamani iliyo kwenye orodha. Ikifika kwenye NULL haiwezi kuthibitisha, kwa hiyo jibu zima linakuwa "haijulikani" na mteja huyo anaachwa. Inakuwa hivyo kwa kila mteja. Dawa ni kutumia NOT EXISTS, au kuiwekea safuwima sharti la NOT NULL tangu jedwali linapoundwa. Kama oda isiyo na mteja haina maana katika mfumo wako, anza na hilo sharti. Litakuokoa na makosa mengine mengi ambayo bado hujakutana nayo.

Utupu huo hauishii kwenye hifadhidata. AVG, inayokokotoa wastani, huziruka NULL, kwa hiyo wastani wa 10, 20 na NULL ni 15. Mtu akijaza sifuri mahali pa NULL kwa COALESCE, wastani unakuwa 10. Kwenye simu, ukisoma NULL ya SQLite (hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya programu yenyewe) kama namba kamili kupitia `sqlite3_column_int`, unarudishiwa 0 kimyakimya. Sasa fikiria kipima joto kilichozimika saa tatu usiku: hifadhidata imeandika NULL kwa uaminifu, programu ya simu imeigeuza 0, na grafu inaonyesha chumba kilichoganda kwa barafu. Anayeifungua grafu anaona "kosa la grafu", lakini hapo grafu haina hatia. Pitisha utupu kama utupu hadi mwisho wa safari. Maktaba ya kuchorea ya Matplotlib hukata mstari inapokutana na NaN (alama ya "si namba"), na ile ya Chart.js huacha pengo penye null isipokuwa uwashe `spanGaps`. Pengo hilo ni habari ya kweli kwa msomaji: hapa hatukupima.

"Swali likichelewa, ongeza indeksi"

Indeksi, yaani orodha iliyopangwa inayoisaidia hifadhidata kupata mistari haraka, husaidia pale tu ambapo swali linaweza kuitumia. Ukiunda indeksi ya (ukoo, jina), umepata kitu kama orodha ya watu iliyopangwa kwa jina la ukoo kwanza. Kumpata mtu kwa ukoo wake ni rahisi, lakini ukitaka kila anayeitwa Asha bila kujua ukoo, kwa kawaida itabidi uipitie yote. Vivyo hivyo, `WHERE YEAR(tarehe) = 2024` huizuia hifadhidata kutumia indeksi ya kawaida ya tarehe, kwa sababu kilichopangwa ni tarehe yenyewe, si matokeo ya YEAR. Andika hivi badala yake: `tarehe >= '2024-01-01' AND tarehe < '2025-01-01'`. Matokeo ni yaleyale, na indeksi inatumika.

Tena kila indeksi ina gharama. Kila mstari unaoingizwa au kufutwa hulazimu indeksi zote za jedwali hilo zisahihishwe pia, kwa hiyo jedwali lenye indeksi nyingi zisizotumika huandika polepole bila faida yoyote.

Kabla ya kuongeza chochote, iulize hifadhidata inafanya nini: EXPLAIN ipo kwa kazi hiyo. Kwenye PostgreSQL, EXPLAIN ANALYZE huliendesha swali kweli ili kupima muda. Ukiitumia juu ya DELETE, mistari itafutika kweli. Ifungie ndani ya muamala (kundi la amri linalokubaliwa au kufutwa kwa pamoja), kisha umalize na ROLLBACK, inayorudisha kila kitu kilivyokuwa.

Kuna pia ucheleweshaji ambao EXPLAIN haitauonyesha: programu inachota oda 100 kwa swali moja, halafu inauliza jina la mteja wa kila oda kwa swali lake. Hayo ni maswali 101, kila moja la haraka, na jumla yake ni kungoja mtandao mara 101. Hapo JOIN moja, yaani swali moja linalounganisha majedwali mawili, inatosha.

"SQLite ni ya kujifunzia tu"

SQLite ilianzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, na leo imo ndani ya Android na iOS. Wanaolalamika kwamba inaandika polepole kwa kawaida wanaingiza mistari mmojammoja, na kila INSERT iliyo peke yake ni muamala kamili unaongoja diski ithibitishe kwamba data imehifadhiwa. Nyaraka za SQLite zenyewe zinaeleza kwamba kompyuta ya kawaida ya mezani inaweza kufanya INSERT 50,000 au zaidi kwa sekunde, lakini miamala makumi machache tu kwa diski inayozunguka. Zungushia kundi lote BEGIN na COMMIT, ili liwe muamala mmoja. Jambo la kukumbuka kweli ni kwamba ukaguzi wa funguo za kigeni (safuwima zinazorejelea mistari ya jedwali jingine) kwa kawaida huja umezimwa; `PRAGMA foreign_keys = ON` inatakiwa kila unapofungua muunganisho.

"Nimeweka async, kwa hiyo skrini haiwezi kuganda"

Hii imeenea sana miongoni mwa wanaoanza na Flutter au React Native, zana za kutengenezea programu za simu kwa lugha za Dart na JavaScript. Katika JavaScript na Dart, `async` na `await` huachia nafasi wakati programu inangoja mtandao au faili. Hazihamishi hesabu kwenda kwenye uzi mwingine (thread), yaani njia nyingine ya utekelezaji inayoenda sambamba. Ukipokea JSON kubwa (data iliyoandikwa kama maandishi) na kuichambua ndani ya kokotoo la async, kazi ya uchambuzi bado inafanyika palepale. Skrini inayochorwa mara 60 kwa sekunde ina takriban milisekunde 16.7 kwa kila picha. Uchambuzi ukichukua milisekunde 300, picha kama 18 zinapotea na kidole cha mtumiaji kinahisi mkwamo. Kazi nzito ya aina hiyo kwenye Dart ipeleke kwenye isolate, sehemu inayofanya kazi kando bila kuikwamisha skrini. Android nayo ina mpaka wake: programu isipoitikia mguso kwa sekunde 5, mfumo huihesabu kuwa haijibu, na mtumiaji anaweza kuletewa kitufe cha kuifunga.

"Seva inajibu kwenye kivinjari, basi msimbo wa simu ndio mbovu"

Ndani ya emuleta ya Android (simu ya kuigiza inayoendeshwa kwenye kompyuta), `localhost` ni emuleta yenyewe, si kompyuta yako. Anwani ya kompyuta iliyoibeba ni `10.0.2.2`. Kwa simu halisi, tumia anwani ya kompyuta kwenye mtandao wa ndani. Ikiwa bado inakataa, angalia kama unatumia `http` tupu: programu zinazolenga Android 9 na kuendelea huzuiwa kuitumia hadi uiruhusu kwenye mipangilio. Watu huandika upya msimbo mzima wa mawasiliano kwa ajili ya haya mawili, na inasikitisha, kwa sababu msimbo ulikuwa sahihi tangu mwanzo.

"Kila grafu lazima ianzie sifuri"

Kwa grafu ya mihimili, ndiyo. Jicho husoma urefu wa mhimili, na ukianzia 90, mhimili wa 95 utaonekana nusu ya ule wa 100. Grafu ya mstari husomwa kwa mwelekeo na mahali, kwa hiyo joto la mgonjwa kati ya 36 na 40 likichorwa kuanzia 0 litafanana na mstari ulionyooka, na homa haitaonekana.

Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alichapisha seti nne ndogo za data zenye takribani wastani uleule, mtawanyiko uleule, na uwiano (correlation) wa 0.816. Ukizichora, moja ni wingu la kawaida, moja ni tao, moja ni mstari wenye nukta moja iliyopotoka, na ya nne imesimama wima isipokuwa nukta moja ya mbali. Anayeridhika na AVG bila kuchora hawezi kuzitofautisha.

Kwa upande wa grafu za maduara, ambapo ukubwa wa duara unaonyesha thamani, kosa lililozoeleka ni kukuza kipenyo kwa kadiri ya thamani. Thamani ikiongezeka mara mbili na kipenyo mara mbili, eneo linaongezeka mara nne, na eneo ndilo jicho linaloliona. Kipenyo kifuate kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha thamani. Maktaba ya kuchorea ya D3 ina `scaleSqrt` kwa ajili hiyo. Kwenye `scatter` ya Matplotlib usifanye hivyo, maana kigezo `s` tayari kinapokea eneo.