Je, wajua kwa nini jina la ukoo wa William Marshal, mpiganaji maarufu wa Uingereza ya kale, lilikatika ilhali aliacha wana watano?

Mwaka 1152 Mfalme Stephen wa Uingereza aliizingira ngome ya John Marshal huko Newbury. John akamtoa mwanawe William, mtoto wa miaka kama mitano, awe rehani ya ahadi yake, kisha akaivunja ahadi hiyo. Alipoambiwa mtoto atanyongwa, inasimuliwa kwamba alijibu: nyundo na fuawe bado ninazo, nitafua wana wengine walio bora zaidi. Stephen ndiye aliyeingiwa na huruma, akakataa kumuua.

William, mwana wa nne asiye na urithi, alijitafutia maisha kwa upanga. Alivuma katika mashindano ya wapanda farasi huko Ufaransa, ambako aliyekamatwa alijikomboa kwa fedha. Mwaka 1189, akiwa na miaka arobaini na kitu, aliozwa Isabel de Clare, binti wa miaka 17 hivi, mrithi wa ardhi kubwa Wales na Leinster nchini Ireland. Utajiri wake mkubwa ulitoka kwa mke huyu, na si haki kwamba Isabel hatajwi sana. Walizaa wana watano na mabinti watano. William akawa Earl (cheo cha juu cha ukabaila) wa Pembroke, na mwaka 1216 akashika ufalme kwa niaba ya Henry III, aliyekuwa na miaka tisa tu. Alifariki 1219.

Wanawe wote watano walioa, wote wakarithi kwa zamu, na hakuna aliyeacha mtoto wa ndoa. William mdogo alifariki 1231. Richard alijeruhiwa vitani Ireland, akafa 1234. Gilbert, aliyekuwa ameandaliwa kwa kazi ya Kanisa, aliingia mashindanoni mwaka 1241. Hatamu zikakatika, akaanguka, mguu ukanasa kwenye kikuku cha tandiko, farasi akamburuta, akafa. Walter alifariki Novemba 1245, na Anselm mwezi uliofuata.

Mtawa Matthew Paris aliandika kuwa ni laana ya Askofu wa Ferns huko Ireland, ambaye William alimnyang'anya mashamba mawili. Lakini sheria ndiyo iliyofunga jina hilo: mtoto wa nje ya ndoa hakurithi, na wana wakikosekana, mali iligawiwa mabinti sawasawa.

Na mabinti wa William walikuwa na uzao mwingi. Ni Maud peke yake aliyekuwa hai kupokea fungu lake. Ya wenzake yalikwenda kwa watoto wao. Fungu la Sibyl liligawanywa tena kwa binti zake saba. Kitukuu wa Isabel, dada yao Maud na Sibyl, ni Robert Bruce, mfalme wa Uskoti.