Mtiririko wa damu mapafuni si presha ya mapafu

"Amepigwa MRI ya moyo, wamemkuta presha ya mapafu iko juu." Kauli hii nimeshaisikia mara nyingi mno, hata kwa watu wa afya wenyewe. Ukiomba ripoti ya MRI hiyo, yaani picha za moyo zilizopigwa kwa sumaku, uisome, presha huioni. Unachokuta mle ni lita.

Maana yenyewe ni fupi. Mtiririko wa damu mapafuni ni kiasi cha damu kinachopita kwenye mapafu kwa dakika moja. Kwa mtu mzima aliyetulia ni kama lita 5, sawa na inayozunguka mwili mzima, maana upande wa kulia wa moyo hauna pengine pa kuipeleka damu yake. Pafu la kulia huchukua zaidi kidogo, karibu asilimia 55.

MRI huipata hesabu hiyo kupitia kasi. Hidrojeni iliyomo kwenye damu ikisogea ndani ya sumaku ambayo nguvu yake inatofautiana hapa na pale, ishara yake hubadilika kulingana na mwendo. Mpimaji huchukua picha inayoukata mshipa wa mapafu kimkingamo, kila nukta ya picha ikapewa kasi yake, kisha kasi huzidishwa kwa eneo la mshipa na kujumlishwa kwa pigo zima la moyo. Hakuna mionzi, na sindano ya dawa si lazima. Kinachotaka umakini ni kikomo cha kasi, ambacho huwekwa kabla ya kupima. Weka sentimita 80 kwa sekunde wakati damu inakimbia kwa 100, na katikati ya mshipa mweupe litatokea doa jeusi, kana kwamba damu ya pale inarudi ilikotoka. Asiyeliona doa hilo ataandika lita pungufu.

Sasa tufike panaponikera. Kasi, mtiririko na presha ni vitu vitatu. Ukibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba, maji yanaruka mbali na kwa kasi, lakini ndoo haijai upesi zaidi. Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa moyo, tawi la kushoto la mshipa wa mapafu likabaki jembamba, anaweza kuwa na kasi kubwa pale penye wembamba huku pafu hilo likipata lita chache. Anayetazama kasi peke yake atasema damu ni nyingi.

Presha nayo ina njia zake. Mchukue mtu mwenye tundu kati ya chemba za juu za moyo: mapafuni zinapita lita 9, mwilini lita 4.5, uwiano wa 2 kwa 1. Presha ya mapafu yake inaweza kuwa ya kawaida kabisa, kwa kuwa mishipa laini ya mapafu hutanuka ikaipokea damu hiyo ya ziada. Mwingine mishipa yake imekakamaa: lita 3 tu zinapita, na presha iko juu sana. Kuwaita wote wawili "wa presha" si kosa dogo la kauli. Yule wa kwanza huenda akafaidika tundu likizibwa. Wa pili, hata kama naye ana tundu, kulifunga kunaweza kumdhuru, kwa sababu ndilo linalompunguzia moyo wa kulia mzigo.

Presha yenyewe husomwa kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa mshipani hadi mapafuni, kwa milimita za zebaki. Miongozo ya Ulaya ya 2022 inahesabu wastani unaozidi 20 kuwa wa juu. Eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, huikadiria. MRI inaweza kukutia shaka, kwa mfano ikionyesha chemba ya kulia imetanuka na ukuta wa kati umeinamia kushoto, lakini shaka haina milimita.

Kwa hiyo ripoti ikiandika kwamba uwiano wa mapafu kwa mwili ni 2, mwambie mgonjwa hivyo hivyo ilivyo: damu inayopita mapafuni mwako ni mara mbili ya inayozunguka mwilini. Akiuliza presha ni ngapi, mjibu kwamba hiyo bado haijapimwa.