Je, wajua kuiacha wazi RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hakuharakishi kompyuta kuukuu?

Nilikuwa na laptopu ya RAM GB 2 na kiprogramu cha kusafisha RAM chenye alama ya ufagio. Mashine ikianza kusuasua nabofya ufagio, RAM inayotumika inashuka kutoka asilimia 90 hadi 50, moyo unatulia. Nikirudi kwenye kivinjari, taa ya diski inawaka mfululizo na ukurasa niliokuwa nausoma unajikokota kujichora upya. Nikadhani sijafagia vya kutosha. Nabofya tena.

Kumbe ufagio ndio ulionichelewesha. RAM ni meza ya fundi cherehani, diski ni ghala. Ufagio hautupi kitu. Unakusanya vipande vya kitambaa ambavyo fundi atavitaka dakika mbili baadaye na kuvisukumia ghalani. Meza inang'aa, kazi imesimama. (Haki isemwe: vingine huishia mlangoni tu, vikarudi upesi.) Na ghala liko mbali kweli. RAM hujibu kwa takribani nanosekunde 100, diski ya kuzunguka kwa milisekunde kama 10, yaani mara laki moja. Kuokota mkasi mezani kukiwa sekunde moja, kuufuata ghalani ni zaidi ya siku nzima. SSD, diski isiyozunguka, hufupisha safari hiyo mno, ndiyo maana anayebadilisha diski huapa RAM imeongezeka.

Hata nafasi inayoonekana kuliwa bure, mfumo huwa umeweka humo mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia programu ikiihitaji.

Kinachosaidia ni kukunja, yaani kubana data ndani ya RAM yenyewe. Kitambaa kisichoguswa kwa muda kinabanwa kidogo na kubaki pembeni mwa meza. Kukikunjua huchukua mikrosekunde chache. Wazo hili liliwahi kuchafuliwa: mwaka 1995 huko Marekani ziliuzwa nakala laki kadhaa za SoftRAM95, iliyoahidi kuzidisha RAM mara mbili, na walioichunguza wakakuta haibani chochote. Leo ni jambo la kawaida. Mac inabana tangu 2013, Windows 10 tangu 2015. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na zram, ambayo Fedora, mojawapo ya mifumo ya Linux, huja ikiwa imeiwasha tangu toleo la 33 la mwaka 2020.

Picha za JPEG na video, ambazo tayari zimebanwa, hazikunjiki tena, na prosesa kongwe hulipia kila mkunjo. Kwenye GB 2 zangu, kwa kukunja nilipata nafasi ya kurasa chache zaidi kabla taa ya diski haijaanza.