Gitaa la kuazima halikufanyi mbohemia: dhana potofu kuhusu picha za wasifu

Ndani ya mwezi mmoja wateja watatu wasiojuana wameingia katika studio yangu ndogo ya picha hapa Lubumbashi, Kongo, katika komini (mtaa wa utawala wa mji) iitwayo Kenya, kila mmoja akiwa amebeba gitaa la kuazima. "Yaya," aliniambia yule wa tatu huku akiliegemeza gitaa ukutani, "mie nataka foto za boemu za kuweka kwenye wasifu wangu wa kutafuta mchumba, na vifaa vyote nimekuja navyo." Boemu ndiyo kibohemia, yaani mtindo wa mavazi mapana na maisha ya kisanii. Vifaa vyenyewe vilikuwa kofia ya ukingo mpana ambayo karatasi ya bei ilikuwa bado imeshikizwa kwa ndani, mikufu mitatu ya shanga za mbao, na shali lenye matamvua ambalo lilipaswa kurudishwa kwa mwenyewe jioni ile ile. Nilimpiga picha kama alivyotaka, lakini picha zile hazikumfaa, na nilimweleza hivyo waziwazi. Kwa kuwa maelezo hayo nimeyarudia mara nyingi mno, nayaweka hapa kwa maandishi, ili anayejiandaa kuja na gitaa la jirani yake ayasome kwanza akiwa nyumbani.

Dhana inayonisumbua kuliko zote ni kwamba mtindo wa kibohemia ni rundo la vitu, na kwamba atakayevikusanya vya kutosha mbele ya kamera atakuwa ameupata. Ukweli ni kwamba vitu vilifuata maisha, wala havikuyatangulia. Wafaransa waliwaita Waroma kwa jina la watu wa Bohemia kwa kudhani kwamba walitoka huko, katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Ucheki, ilhali asili ya Waroma ni kaskazini mwa Bara Hindi. Katika karne ya 19 jina hilo likahamishiwa kwa wachoraji, waandishi na wanamuziki maskini wa Paris, walioishi katika vyumba vya kodi ndogo na kuweka kazi yao ya sanaa mbele ya starehe. Mavazi yao mapana na yasiyolingana yalitokana na maisha hayo: mtu alivaa alichokipata, akakitia kiraka, akaendelea kukipenda kwa sababu kilikuwa na historia. Kofia iliyotoka dukani asubuhi ya leo haina historia yoyote ya kusimulia, na kamera haina uwezo wa kuitungia.

Hebu tuitazame kwa karibu picha ya yule kijana wa gitaa. Vidole vinne vya mkono wake wa kushoto vimelala sambamba juu ya nyuzi bila kubonyeza hata moja, kidole gumba kimenyooka hewani, na macho yanavitazama vidole hivyo kwa hofu ya mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga wa mwenzake. Asiyejua gitaa huenda asigundue kosa, ingawa hata yeye atahisi kwamba kuna jambo halijakaa sawa. Lakini mwanamke anayependa muziki, ambaye ndiye hasa aliyekusudiwa na picha ile, atalitambua mara moja. Na hata asipolitambua, siku watakapokutana swali lake la kwanza litakuwa ni nyimbo gani anazozipiga. Picha ya wasifu ni ahadi juu ya mtu atakayekuja kuketi upande wa pili wa meza, na ahadi hiyo ikivunjika katika dakika tano za mwanzo, uzuri wa mwanga na wa nguo hautaiokoa.

Nilipomwomba aliweke gitaa chini na kunieleza siku yake huwaje, alisema kwamba hana la ajabu, anasaidia tu kwa mjomba wake kung'arisha malakiti. Nilisikitika sana kusikia neno lile "tu". Malakiti ni jiwe la kijani lenye mistari ya duara, linalotokana na shaba ya ardhi yetu ya Katanga, na kijana huyu hulikata, hulinoa na kulitoboa mpaka likawa ushanga! Siku ya pili nilikwenda kwenye karakana ya mjomba wake. Nilimkalisha karibu na mlango, mwanga ukimjia kutoka ubavuni, nikatandaza shuka jeupe upande wa pili ili kivuli cha shavu kisizidi. Jiwe hunolewa likiwa limelowa, kwa kuwa vumbi lake kavu likivutwa ndani ya mapafu ni sumu, na kwa sababu hiyo maji yenye rangi ya kijani yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, juu ya bangili ya shaba iliyokwisha kupauka kwa kuvaliwa miaka mingi. Alikuwa na shati la pamba lililofifia, alilokunja mikono yake mwenyewe bila kuelekezwa na mtu. Hakunitazama mimi, alikuwa akikagua mistari ya jiwe. Picha hiyo ni ya kibohemia kuliko zote tatu za gitaa, na hakuna kitu ndani yake kilichoazimwa.

Kwa hiyo mteja anayeniuliza avae nini, mimi humuuliza kwanza mikono yake hufanya nini akiwa peke yake, ni nguo gani anaivaa mpaka ndugu zake wanamsihi aitupe, na ni kitu gani cha bibi au babu yake ambacho bado anakitumia. Majibu huwa na utajiri kuliko kapu lolote la vifaa. Mama mmoja kijana alinijibu kwamba anacho kitambaa cha rafia (nyuzi za majani ya mti wa jamii ya mitende) cha Wakuba, kabila la Kasai hapa Kongo, ambacho bibi yake alikitarizi kwa mkono. Katika kazi hiyo wanaume ndio wanaofuma na wanawake ndio wanaotarizi, naye aliweza kunionyesha mahali ambapo uzi wa bibi yake ulibadilika rangi kwa sababu ule wa kwanza ulikwisha. Tulikitandaza juu ya kiti anachosomea jioni, naye akavaa gauni la kitani lisilo na mchoro. Mahali pale ambapo uzi ulibadilika palitosha kumpa mtu wa mbali la kuulizia.

Ndani ya dhana hii hii ya vifaa kuna tawi moja ambalo silikubali hata kwa malipo, nalo ni taji la manyoya ya ndege la Wahindi Wekundu. Kwa mataifa ya nyanda za Amerika Kaskazini taji hilo ni heshima ambayo mtu huistahili kwa matendo yake, na halikuwa kamwe vazi la wabohemia. Hapa kwetu mtu hajivishi ngozi ya chui ya chifu ili apendeze kwenye picha, na heshima hiyo hiyo tuwape wengine.

Wapo wanaoamini kwamba picha ya kibohemia lazima ipigwe jua linapotua, nao hufika saa kumi na mbili jioni wakiwa ndiyo kwanza wanaanza kujipodoa. Lubumbashi iko karibu na nyuzi 12 kusini mwa ikweta, na katika latitudo hii jua hushuka likiwa karibu wima, kwa hiyo mwanga ule wa dhahabu hudumu kwa muda usiofika nusu saa. Mwezi wa sita jua hutua muda mfupi kabla ya saa kumi na mbili; anayeutaka mwanga huo awe amekwisha kuvaa na kusimama mahali pake saa kumi na moja na robo. Mimi binafsi napendelea kivuli cha baraza saa tatu asubuhi, ambapo uso hupata mwanga laini kutoka uwazi wa mbele na hakuna anayekunja macho. Jambo la kuangalia hapo ni udongo wetu mwekundu, kwa sababu hurudisha mwanga wa rangi yake kwenye kidevu na shingo. Shuka jeupe likitandikwa miguuni, tatizo huisha.

Kuna dhana kwamba kichujio cha rangi ya joto, kile kinachotia kila kitu uchungwa-uchungwa na kulainisha ngozi, ndicho kinacholeta hali ya kibohemia. Ukweli ni kwamba rangi za mtindo huu, yaani kahawia, kutu, mchanga na kijani cha majani makavu, hupendeza kwa kuwa zinaitikiana na rangi halisi ya ngozi, na ngozi ikibadilishwa, maitikio hayo hupotea. Katika siku za filamu, kadi za kupimia rangi katika maabara zilionyesha wanawake weupe, na ngozi zetu zililipa gharama ya kipimo hicho kwa miaka mingi. Inaniuma kuona mtu akijifanyia mwenyewe kwa simu yale ambayo filamu ilimfanyia babu yake. Ukipiga mbele ya ukuta mweupe, simu huusawazisha ukuta na kuuacha uso gizani. Gusa uso kwenye skrini ili kamera ipimie hapo, kisha ukuta ukizidi kung'aa, usogee mbali nao au tafuta ukuta wa matofali ya kuchoma.

Wengine hudhani kwamba kofia iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi pamoja na miwani myeusi huleta fumbo la kuvutia. Anayetazama wasifu wa mtu asiyemjua hutafuta macho kwanza, na asipoyaona huhisi kwamba anafichwa jambo. Kama kofia ni yako ya kila siku, ivae, lakini irudishe nyuma kiasi cha vidole viwili ili kivuli cha ukingo kisifike machoni.

Kuhusu picha ya kujipiga mwenyewe kwa mkono, nasikia kwamba ndiyo ya kweli zaidi kwa sababu hakuna mtaalamu aliyeigusa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulikokotoa kwamba picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko picha ya umbali wa mita moja na nusu. Mwombe mdogo wako asimame hatua mbili mbele yako, au iegemeze simu kwenye dirisha na utumie kipima muda.

Kuchanganya michoro bila kikomo nako si kanuni ya mtindo huu. Skrini ya simu ni ndogo, na kikwembe (kitenge) chenye maua makubwa kikikaa juu ya sketi yenye madoadoa na chini ya shali la mistari, mtazamaji huona vurugu tupu. Mchoro mmoja mkubwa, mwingine mmoja mdogo, na vilivyobaki viwe vya rangi moja: sheria hiyo sijaiona ikishindwa. Na ubohemia si uchafu. Nguo inaweza kuwa imechakaa na bado ikawa imefuliwa.

Yupo mteja aliyenihakikishia kwamba mji wetu ni wa migodi na hauna mahali pa kisanii, kwa hiyo alitaka nimwekee mandhari ya Paris kwa kompyuta. Nilimkumbusha kwamba mwaka 1946 katika mji huu huu, ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, ilifunguliwa karakana ya uchoraji iliyoitwa Hangar, ambamo Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela Sara walichora samaki, ndege na nyoka kwa namna ambazo hawakufundishwa na mtu, Bela akitumia ncha za vidole vyake badala ya brashi. Na tangu mwaka 2008 tuna Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili. Mandhari yapo. Ninaloomba ni kwamba tusikimbilie sote kile kilima cheusi cha mabaki ya kuyeyushia shaba na bomba lake la moshi, kwa kuwa anayetafuta mchumba katika mji huu amekwisha kukiona nyuma ya watu wengi. Mwezi wa kumi, mijakaranda inapodondosha maua ya zambarau juu ya udongo mwekundu, njia yoyote ya kawaida inatosha.

Mwisho ni dhana kwamba kuonyesha kila kitu ndiyo ukweli. Mteja mmoja alitaka tupige picha mbele ya lango la nyumba yao, namba ikionekana, kwa sababu lango lile lilipakwa rangi na kaka yake. Tulilipiga lango kwa karibu, upande wenye mchoro, namba ikabaki nje ya fremu ili asiyemjua asijue anakoishi. Na kwa kuwa alikuwa amenyoa rasta zake wiki mbili kabla, alifuta palepale picha zake tano za zamani zilizomwonyesha akiwa nazo, akaanza wasifu na ile ya lango.