Je, wajua rubani anaweza kuiteka ndege yake mwenyewe?

Ukisikia ndege imetekwa unamuwaza abiria aliyepenyeza bastola, ila tarehe 17 Februari 2014 aliyeiteka ndege ya Ethiopian Airlines alikuwa rubani msaidizi wa ndege hiyohiyo, na hakuhitaji silaha yoyote. Alisubiri tu kapteni aende chooni.

Ilikuwa Boeing 767, safari namba 702, imeondoka Addis Ababa baada ya saa 6 usiku kwenda Rome halafu Milan, ndani kuna watu 202. Kapteni alipotoka jamaa akafunga mlango kwa ndani, kapteni akagonga weee, wapi! Maski za oksijeni zikashuka, sauti ya ukali kwenye spika ikawaamuru abiria wazivae, na wakiwa juu ya anga ya Sudan ndege ikatuma namba 7500, ambayo kwa waongoza ndege dunia nzima maana yake ni moja tu, tumetekwa.

Sasa kwanini kapteni hakuvunja mlango? Hapa ndo penyewe. Baada ya magaidi kuishambulia Marekani kwa ndege Septemba 11, 2001 milango ya marubani iliimarishwa, haipenyi risasi, haivunjiki kwa teke wala shoka, na kwenye ndege nyingi hata ukibonyeza namba za siri ukiwa nje, aliye ndani ana swichi ya kukukatalia. Yaani waliotengeneza walimfikiria adui wa nje tu, wakamwamini kabisa aliyekaa kwenye kiti, na mlango wenyewe haujui nani ni kapteni na nani ni mtekaji.

Basi ndege ikapita Italia ikaenda mpaka Geneva, Uswisi, ikazunguka hewani huku mafuta yakiisha na yeye akiuliza kwa redio kama atapewa hifadhi na asirudishwe kwao. Ikatua kama saa 12 asubuhi. Akafungua dirisha la chumba cha marubani, akashuka kwa ile kamba ya dharura, akajisalimisha polisi. Hakuna hata mtu mmoja aliyeumia.

Kitu kingine kilichowashangaza watu, ndege zilizoisindikiza zilikuwa za kivita za Italia na Ufaransa, za Uswisi hazikuruka kabisa, kwasababu kikosi chao kipindi hicho kilikuwa kazini saa za ofisi tu, saa 2 asubuhi mpaka saa 6 mchana, wanaenda kula, wanarudi saa 7 na nusu mpaka saa 11 jioni. Ulinzi wa saa 24 waliukamilisha mwishoni mwa 2020.

Mahakama ya Ethiopia ilimhukumu rubani huyo miaka 19 na nusu jela bila yeye kuwepo, wakati Uswisi waliona alikuwa mgonjwa wa akili, wakaagiza atibiwe.

Kinachouma ni kwamba onyo lilikuwa limeshatolewa. Machi 2015, mwaka mmoja tu baadae, rubani msaidizi wa Germanwings, shirika la ndege la Ujerumani, akamfungia kapteni nje vilevile, akaibamiza ndege kwenye milima ya Alps huko Ufaransa, wakafa wote 150. Hapo ndo Ulaya wakashauri chumbani wasipungue watu wawili, rubani akitoka mhudumu aingie, ila 2016 wakalegeza na kuyaachia mashirika yapime yenyewe. Kwa mtazamo wangu walikosea kulegeza, maana mhudumu aliyekaa mle ndani angeweza kumfungulia kapteni.