Kiungo bandia cha kidole gumba: maswali ya wakamuaji wa mawese na majibu yake

Hapa Kigoma mgonjwa wa viungo hutaja goti kwanza, kisha kiuno. Kidole gumba huja mwishoni, akiwa ameshainuka kuondoka: "Na hiki kidole nacho kinanisumbua." Maswali yafuatayo ni ya kina mama wanaokamua mawese na kubangua mise, yaani kokwa za chikichi, pamoja na ya watoto wao waliosoma kwenye simu kwamba Ulaya kuna kiungo bandia kipya cha kidole gumba.

Shina la kidole gumba linauma nikikamua nguo au nikifungua kifuniko cha dumu. Ni ugonjwa gani?

Mama, pale shinani, karibu na kifundo cha mkono, mfupa wa kwanza wa kiganja unakutana na kimfupa kiitwacho trapeziamu. Nyuso zao zimepinda kama tandiko la mnyama na mpandaji wake, ndiyo maana kidole gumba kinaweza kwenda mbele, pembeni na kugusa kila kidole kingine. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, utando laini unaoteleza. Gegedu likilika, mifupa husuguana, kiungo huvimba na kuuma unapobana, unaposokota au unapozungusha ufunguo. Baadaye hutokea nundu shinani na kidole hakifunguki vizuri tena.

Wengi husema "maji yameisha kwenye kiungo". Ute wa kiungo haujaisha. Kilicholika ni gegedu, na maji ya bamia hayalirudishi.

Si kila maumivu ya hapo ni ugonjwa huu. Mama mwenye mtoto mchanga anayeumwa juu ya kifundo, upande wa kidole gumba, mara nyingi ana uvimbe kwenye ala ya mishipa ya misuli. Anayevimba vidole vingi vya mikono yote miwili, na kuamka mkono umekakamaa kwa zaidi ya saa moja, huenda ana baridi yabisi, na huyo awahi hospitali kwa sababu dawa zake ni nyingine kabisa. Kiungo kikivimba ghafla na kuwa cha moto, na mwili una homa, nenda siku hiyohiyo.

Je, ni mise ndizo zilizoniharibu?

Peke yake, hapana. Umri una sehemu yake. Wanawake hupata zaidi ya wanaume, hasa baada ya kukoma hedhi. Aliyezaliwa na kano zilizolegea, au aliyewahi kuvunjika shina la kidole gumba, yuko karibu zaidi na tatizo. Kazi huongeza mzigo: kushika mbegu ngumu kwa ncha za vidole na kuipiga jiwe, kutwa nzima, ni kubana kusikokwisha. Tusimlaumu mama kwa kazi iliyosomesha watoto.

Goti na nyonga vinabadilishwa siku nyingi. Kwa nini kiungo kidogo hivi kinawasumbua wahandisi?

Kwa sababu ni kidogo, na kinabeba mzigo usioendana na udogo wake. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani, Cooney na Chao, walikokotoa kwamba ukibana kitu kwa nguvu ya kilo 1 kwenye ncha ya kidole gumba, shina lake hubeba takriban kilo 12. Ukishika kitu kwa nguvu kubwa, mzigo hapo unaweza kufika kilo 120. Sasa fikiria mkono unaokamua kamba za chikichi.

Mzigo huo wote unatakiwa ubebwe na kikombe cha chuma chenye upana wa milimita 9 au 10, kilichochimbiwa ndani ya trapeziamu. Mfupa wenyewe ukiwa na kimo cha chini ya milimita 8, madaktari wengi huona hautoshi kukishika. Nyonga ina mfupa mpana wa kuegemea, trapeziamu haina. Kikombe kikilegea, au mfupa ukipasuka wakati wa upasuaji, kazi imeharibika.

Historia yake inafundisha uvumilivu. Daktari Alfred Swanson wa Marekani alianza kutumia vipandikizi vya silikoni katika miaka ya 1960. Vilikuwa laini na vilileta matumaini, lakini baadhi vilichomoka, na vingine vilisagika hadi chembe zake zikawasha mwili na kula mfupa wa jirani. Miaka ya 1970 Mfaransa de la Caffinière akaleta muundo wa kichwa na kikombe, unaofanana na nyonga bandia. Maumivu yalipungua kwa wengi, ila vikombe vililegea na vichwa vilichomoka.

Vya sasa vimeazima wazo kutoka kwenye nyonga. Gilles Bousquet wa Saint-Étienne, Ufaransa, alibuni katika miaka ya 1970 kiungo chenye mzunguko wa aina mbili: kichwa kidogo cha chuma huzunguka ndani ya tufe la plastiki ngumu, na tufe hilo nalo huzunguka ndani ya kikombe. Kiungo hupata uhuru wa kujongea bila kuchomoka kirahisi. Wazo hilo lilipohamishiwa kwenye kidole gumba, kuchomoka kulipungua sana. Sehemu zinazogusa mfupa hupakwa haidroksiapatiti, madini ya jamii ileile iliyomo mwilini, ili mfupa uote na kukishika kipandikizi bila saruji.

Mtu akibuni kipya leo, anaanzia wapi?

Anapima mifupa ya watu wengi kwa picha za CT, kwa sababu saizi zikikosewa hakuna ufundi wa upasuaji utakaookoa. Hapa nina neno. Vipandikizi hivi vimeundwa na kujaribiwa zaidi Ulaya, kwa wagonjwa ambao wengi wamestaafu na shida yao ni chupa ya jamu na shughuli za bustani. Mkono wa mama wa Mwandiga haupumziki. Ningependa sana wabunifu wapime na mikono ya namna hiyo, kabla ya kutuambia kipandikizi kitadumu.

Baada ya vipimo huja mashine inayokipinda na kukikandamiza mamilioni ya mara huku chembe zinazosagika zikikusanywa na kupimwa. Kisha upasuaji wa majaribio kwenye mikono ya maiti zilizotolewa kwa ajili ya sayansi. Wagonjwa hufuata, wachache kwanza, kwa ridhaa yao, na hufuatiliwa kwa miaka. Ufuatiliaji huo ndio unaosema ukweli, maana kiungo kinaweza kupendeza mwaka wa kwanza na kulegea mwaka wa saba.

Kwa hiyo kipya ni bora kuliko upasuaji wa zamani?

Upasuaji wa zamani ni kuondoa trapeziamu yote. Gervis wa Uingereza aliueleza mwaka 1949 na bado unafanyika duniani kote. Hauhitaji kipandikizi, hakuna cha kulegea, na maumivu hupungua kwa wagonjwa wengi. Shida yake ni subira: nguvu hurudi polepole, pengine miezi 6 hadi 12, na kidole gumba hufupika kidogo.

Mwenye kiungo bandia cha kisasa kwa kawaida hurudia shughuli mapema zaidi, na urefu wa kidole hubaki. Tafiti za Ulaya zinaonyesha kwamba baada ya miaka 5, zaidi ya 90 kati ya kila 100 bado viko mahali pake. Kikiharibika, daktari anaweza kukitoa na kuondoa trapeziamu. Lakini ni ghali, kinahitaji daktari aliyezoea upasuaji huo, na mtu wa kazi nzito hukichosha haraka. Kwa mkulima au mvuvi wa Kibirizi ambaye hawezi kupunguza kazi, mimi ningeufikiria kwanza upasuaji wa kuondoa mfupa.

Nianzie wapi? Niende Dar es Salaam?

Usipande treni kwanza, ni zaidi ya kilomita 1,200. Anzia kituo chako cha afya, kisha hospitali ya wilaya au hospitali ya rufaa ya mkoa ya Maweni, upimwe na kupigwa eksirei ya shina la kidole gumba. Daktari akiona upasuaji unahitajika, atakuandikia rufaa.

Wengi hawafiki huko. Wengi hupata nafuu kwa splinti inayoshikilia shina la kidole gumba wakati wa kazi, na mazoezi ya misuli ya kiganja anayofundisha mtaalamu wa fiziotiba. Badilisha pia namna ya kushika: funga kitambaa kwenye mpini mwembamba wa kisu uwe mnene, fungua dumu kwa kiganja kizima, na nguo izungushie bomba au nguzo uivute badala ya kuisokota. Jeli ya diklofenaki ya kupaka husaidia wengi. Sindano ya steroidi hutuliza kwa wiki au miezi, ila isirudiwe ovyo.

Vidonge vya diklofenaki unavyonunua dukani kila wiki ndivyo vinavyonitia hofu. Vinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Kama tayari una presha au vidonda vya tumbo, usivimeze bila daktari kujua.

Nikiombwa kushiriki majaribio ya kiungo kipya, niulize nini?

Uliza kama jaribio lina kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Uliza nani atalipa kipandikizi kikilegea, na kama gharama hiyo inafika hadi upasuaji wa kukitoa. Uliza utafuatiliwa miaka mingapi, na nauli ya kwenda kliniki ni ya nani. Majibu yawe kwenye fomu, kwa Kiswahili unachokielewa, na upewe nakala ya kwenda nayo nyumbani uisome na watu wako kabla ya kuweka sahihi. Unaruhusiwa kukataa na ukaendelea kutibiwa kama kawaida.