Rufani si kesi kuanza upya

Kwenye vijiwe vya Mwanjelwa, Mbeya, bado utasikia: "Nikishindwa, nitapeleka mashahidi wapya Mahakama ya Rufani." Sivyo. Majaji wa mahakama hiyo, iliyo ya juu kabisa Tanzania, kwa kawaida watatu, hupitia kumbukumbu za shauri na kupima hoja za mawakili. Ushahidi mpya hupokelewa kwa nadra sana. Wala si lazima ufunge safari ya Dar es Salaam, maana mahakama hiyo huketi Mbeya na Iringa pia.

Uamuzi wake huzibana mahakama zote za chini. Mwaka 1983, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ajabu, mama aliyekata rufani ile alishindwa. Walionufaika ni wake waliokuja na kesi kama yake baadaye, wa Tukuyu wakiwemo.